Mapovu Nyuma ya Propela

Daktari wa ngozi aliniambia nichague: mikono au oili. Nilimuuliza ana uhakika gani, ameshaona mafundi wangapi wenye tatizo hili, na kwa nini Mzee Bukuru ameshika oili ile ile maisha yake yote na viganja vyake ni laini kama vya karani. Akanijibu kwamba ngozi haibishani. Ndiyo maana nastaafu ufundi nikiwa na miaka thelathini na mbili, umri ambao mafundi wengine ndio kwanza wanaaminiwa kufungua mashine peke yao. Nyie mnaobaki kwenye meza mtapata karatasi hizi badala ya kelele zangu. Someni mkiwa na kitambaa mkononi.

Siku ya kwanza nilikuja gereji na cheti cha uhandisi mitambo na kipimo cha kidijitali ndani ya kasha lake. Gereji yetu iko Mpanda mjini, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni yale ya kwenye tenki la shule, na kazi yetu ni mashine za boti. Nilidhani ni utani. Bosi Maganga, mwenye gereji, alinieleza kwamba kila mguu wa mashine unaoharibika Karema au Ikola, kule Ziwa Tanganyika, unapanda basi kuja mjini, na kila unaoharibika Ziwa Rukwa unapanda basi jingine kuja mjini, kwa hiyo aliyekaa katikati ndiye anayeipata miguu yote. Hesabu hiyo sikuweza kuipinga, ingawa nilijaribu.

Mguu, kwa asiyejua, ni sehemu ya chini ya mashine ya boti, ile inayozama majini. Ndani yake kuna gia, juu ya gia kuna pampu ya maji ya kupozea, na nyuma kuna propela. Nilijifunza haraka kuutambua mguu kwa majeraha yake. Wa Tanganyika huja umevunjwa na mawe: propela imekunjika, pezi la chini limekatika. Wa Rukwa huja mzima kwa nje na umeliwa kwa ndani, kwa sababu maji ya Rukwa yana rangi ya uji wa ulezi, na tope lile linasaga mpira wa pampu kama jiwe la kusagia. Mteja wa Rukwa asiyebadilisha mpira wa pampu kila msimu ni mteja wa kudumu.

Mzee Bukuru alikuwa kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha. Alifika kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba mwaka ule watu wa kwanza walipofika kutoka Burundi, akiwa mtoto mgongoni kwa dada yake, akakulia kwenye mashamba ya tumbaku, na ufundi akaupata Kigoma. Alinipa mguu wa kwanza, bisibisi nene, na maneno machache.

"Fungua skrubu ya chini. Weka kiganja."

"Kwa nini kiganja? Bakuli lile pale."

"Bakuli halihisi chuma."

Nikaweka kiganja. Yalitoka maji kwanza, kisha oili nyeupe kama chai ya maziwa, na ndani yake nikahisi punje ndogo za chuma, kama chumvi. Mzee hakuhitaji kutazama. "Maji yameingia, gia zimeanza kulana," alisema. "Sasa uliza maswali yako. Ila mkono usisimame, mwana wanje."

Mwana wanje ni mwanangu kwa Kirundi. Nilimuuliza maswali siku nzima, na mkono haukusimama. Kwa nini oili tunajazia kutoka tundu la chini? Ili hewa isukumwe ipande, itoke juu. Kwa nini tunaziba tundu la juu kwanza? Ili la chini likifunguliwa lisimwage yote. Kwa nini mpira wa pampu tunaupaka maji ya sabuni na siyo grisi? Kwa sababu grisi inauvimbisha. Kwa nini mpira wa huyu mteja umeungua wakati boti haijaingia majini? Kwa sababu mteja alifika nyumbani, akaifunga mashine kwenye mkokoteni, akaiwasha uani ili majirani wasikie kwamba imepona. Pampu isiyo na maji inaungua kabla majirani hawajatoka nje. Kosa hilo nimelikuta kwa wavuvi, kwa wafanyabiashara na kwa padri mmoja, na wote walisema ilikuwa dakika moja tu.

Kazi ya gereji ilikuwa imegawanywa, na mgawanyo huo ndio uliotuponza, kwa hiyo ushikeni. Mimi nilifungua, nikaosha, nikasugua kutu na kupima. Mzee aliweka sili, yaani zile pete za mpira zinazobana shafti ya propela ili oili isitoke na maji yasiingie. Ziko mbili, moja mdomo wake unatazama ndani kwa ajili ya oili, nyingine unatazama nje kwa ajili ya maji. Baada ya hapo alifunga, akapima na kuandika herufi yake kwa chaki ya mafuta, isiyofutika majini, ubavuni mwa mguu. Aliyefunga ndiye mwenye herufi, na mwenye herufi ndiye mwenye lawama. Kabla yangu hakuna aliyeuliza kama hiyo ni haki, na mimi pia, niliyeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza. Herufi haikuwa yangu.

Kupima kwenyewe nilikudharau mwanzoni. Mzee alifunga pampu ya baiskeli kwenye tundu la oili, akasukuma hewa, akautumbukiza mguu kwenye pipa la maji, na gereji nzima ikatazama kama kuna povu. Nilisema huo si upimaji wa kisayansi. Nikanunua geji ya kupimia presha, nikaifunga kwenye pampu. Geji ikasema kile kile alichosema Mzee kila mara. Mzee hakunicheka, ila wiki chache baadaye alikuta geji imefunikwa vumbi, akaifuta kwa shati lake, na mimi nikaona aibu ndogo.

Katika mwaka wangu wa pili akaja Mama Koleta.

Mama Koleta ni Mpimbwe wa kule Ziwa Rukwa, chini ya Usevya. Ana boti moja na mashine moja. Barabara ikigeuka tope, boti yake ndiyo barabara: mchele, samaki wakavu, wagonjwa wa zahanati, kwaya ya kigango siku za sikukuu. Alishuka kwenye basi na mguu umefungwa ndani ya salfeti, akauweka mezani mwenyewe.

"Nyie ndio mafundi?"

"Ndiyo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya. Inanywa maji kama ng'ombe wa Msukuma."

Mimi ni Msukuma wa Kakese. Nilimwambia ng'ombe wetu wanakunywa kistaarabu. Akacheka, tukafungua. Nyuma ya propela kulikuwa na uzi wa nyavu umejizungusha mpaka umekuwa mgumu kama kifungo, umeikata sili. Jambo la kila siku. Kama nyie mna wateja wa Rukwa, waambieni watoe propela kila wiki na kuvuta uzi; hawatafanya, lakini waambieni. Nilisafisha, Mzee akaweka sili mpya, akafunga, akapima. Hakuna povu. Akaandika B.

Wiki tatu baadaye Mama Koleta alirudi. Oili nyeupe. Tukabadilisha sili tena, tukapima tena, hakuna povu, B. Akarudi mara ya tatu, na safari hiyo hakucheka. Gia zilikuwa zimeshikana, hazizunguki tena, boti ikiwa katikati ya ziwa.

"Tulikuwa watu tisa na kiboko mmoja," alisema. "Kiboko hakuwa abiria. Tumepiga makasia toka asubuhi mpaka adhuhuri, na ndani kuna mama ana tumbo la miezi minane. Mnaelewa?"

Tulielewa. Bosi Maganga aliuinua mguu, akatazama herufi. Kisha akaniita nje.

"Injinia, sema ukweli. Mzee vipi?"

Nawaandikia haya kama yalivyokuwa. Nilimwambia kwamba Mzee haoni vizuri. Nilimwambia wiki ile aliniomba nimsomee namba ya sili kwenye pakiti. Nilimwambia sili ikiingia imepinda kidogo tu, mkono wa mtu mzima unaweza usihisi. Kila sentensi ilikuwa kweli, na nilizisema kwa sauti ya mtu aliyepima, ingawa macho yake sikuyapima na mkono wake sikuupima. Nilikuwa nimebahatisha kwa Kiswahili safi.

Siku hiyo hiyo Bosi alimhamishia Mzee mbele, kwenye kiti cha kupokea wateja, na daftari na kalamu. Mzee alinitazama mara moja tu.

"Injinia amepima?"

"Amepima," Bosi akasema.

"Kama amepima, amepima."

Alisafisha meza yake mwenyewe. Akanipa bomba lake la kugongea sili, kipande cha bomba la chuma alichokikata miaka mingi nyuma, kimeng'aa kwa kushikwa. Kuanzia hapo alikaa mbele na mikono yake ndani ya mifuko ya koti, hata kukiwa na joto. Mteja akimnyooshea mkono, aliutoa mmoja, akasalimia, akaurudisha. Mimi niliona, nikajiambia hiyo ndiyo gharama ya usalama wa watu majini.

Nikatafuta gia za Mama Koleta, nikaweka sili mimi mwenyewe, nikafunga, nikapima. Sindano ya geji haikutikisika. Nikaandika herufi yangu.

Alirudi baada ya siku tisa. Hakunisalimia. Aliuweka mguu mezani, akaelekeza kidole kwenye chaki.

"Herufi imebadilika. Maji ni yale yale."

"Mama, niliupima mbele ya watu wote. Haukutoa povu hata moja."

"Uliupima ukifanya nini?"

"Ukiwa ndani ya pipa."

"Umesimama?"

"Umesimama."

"Binti, mimi siupeleki ziwani kuusimamisha."

Mzee Bukuru alikuwa pale mbele na daftari lake. Aliinua kichwa. Nikaufunga mguu kwenye pampu, nikasukuma hewa, nikautumbukiza. Maji yakatulia. Hakuna povu. Kisha nikashika propela kwa mkono, nikaizungusha taratibu upande wa kwenda mbele.

Mapovu yakatoka. Madogo, mengi, yamejipanga mstari kama shanga, nyuma ya propela. Nikaacha kuzungusha, yakaacha. Nikazungusha, yakaanza. Mama Koleta aliinama juu ya pipa.

"Hao hapo," alisema, kama mtu aliyekuta kuku wake kwa jirani.

Nilichomoa shafti, nikaipeleka dirishani, nikaimulika kwa tochi ya simu. Pale sili inapokaa chuma kilikuwa kinang'aa vizuri kuliko shafti zote za gereji, na juu ya mng'aro huo kulikuwa na mikwaruzo myembamba, ya mshazari, imezunguka shafti kama nyuzi za skrubu. Shafti ikizunguka, nyuzi hizo zinayavuta maji na kuyapitisha chini ya mdomo wa sili, kidogo kidogo, hata sili iwe mpya namna gani. Ikisimama, mpira unajaa kwenye mikwaruzo na geji inasema kila kitu kiko sawa.

Nilijua mikwaruzo ile imetoka wapi. Mara ya kwanza mguu ule ulipokuja, shafti ilikuwa na doa la kutu lililoniudhi. Nilichukua msasa wa punje kubwa, ule mkavu wa kusugulia mabati, nikausukuma huku nausokota, juu na chini, mpaka shafti ikang'aa. Nilitaka ing'ae. Kila iliporudi niliisugua tena. Mzee alikabidhiwa shafti iliyoharibika mara mbili, akaweka sili sawasawa mara mbili.

Ningeweza kusema shafti imechoka. Ni maneno ya kawaida, mteja huyakubali, Bosi huyakubali. Hakuna ambaye angeuliza, kwa sababu mwenye kuuliza pale gereji nilikuwa mimi. Nikageuka kutoka dirishani na chuma kile mkononi. Nikamuona Mzee akifungua ukurasa wa daftari kwa kidole kimoja, mkono mwingine mfukoni.

"Bosi," niliita. "Njoo. Na Mzee naomba uje."

Walikuja. Nikasema shafti niliiharibu mimi, tangu siku ya kwanza, kwa msasa. Nikasema kazi ya Mzee ilikuwa sahihi mara zote mbili. Nikasema macho yake sikuwahi kuyapima.

Mama Koleta ndiye aliyezungumza kwanza.

"Kwa hiyo nimepiga makasia mbele ya kiboko kwa ajili ya urembo."

"Ndiyo, Mama."

"Na huyu mzee mmemkalisha kwenye daftari kwa urembo huo huo."

"Ndiyo."

"Mh. Anza na yeye basi. Mimi nitasubiri, gereji hii nimeshazoea kuisubiri."

Nilipiga goti mbele ya Mzee. Nyumbani kwetu ndivyo mtoto wa kike anavyozungumza na mtu mzima, wala halikuwa igizo. Nikaanza kuomba radhi.

"Inuka," Mzee alisema. "Hapo pana oili."

Alitoa mikono yote miwili mfukoni, akaomba shafti. Hakuipeleka kwenye mwanga. Alifumba macho, akaweka ukucha wa kidole gumba juu ya chuma, akauburuta polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Katikati ukucha ulianza kuruka, tik, tik, tik, kidogo mno, mimi niliyesimama karibu nilisikia kwa shida. Akarudia. Akarudia tena.

"Iko," alisema. "Naisikia." Kisha akatucheka wote, mimi, Bosi, na nadhani hata yeye mwenyewe, na machozi yakamtoka huku anacheka. "Wiki hizi, mwana wanje, nilikuwa nikifunga vifungo vya shati najiuliza kama vidole hivi ni vyangu."

Bosi Maganga alichukua daftari, akalirudisha mbele, akakaa yeye mwenyewe kwenye kile kiti. Hakusema samahani, hajawahi kujifunza neno hilo. Lakini alipokea wateja mpaka jioni, na kwa mwandiko wake mbaya kuliko wa Mzee.

Shafti nzima tuliipata kwenye rundo la mashine zilizokufa. Mzee alipitisha ukucha, mimi nikapitisha kipimo, tukakubaliana. Niliomba aweke sili yeye. Alisema tuweke wote, yeye ya ndani, mimi ya nje. Tulipima huku Mama Koleta anazungusha propela mwenyewe, kwa nguvu, kama anakamua nguo, na maji ya pipa yakabaki maji. Msimu uliofuata alikuja kubadilisha mpira wa pampu tu. Alileta mchele wa Usevya mifuko miwili, mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Mkubwa haukuwa wangu.

Tangu hapo gereji yetu inapima mguu ukizungushwa, mbele na nyuma, na chaki anashika kila aliyeugusa: aliyeosha, aliyesugua, aliyefunga. Ubavu wa mguu unafanana na ubao wa darasa la kwanza. Wateja wanacheka. Acheni wacheke. Na shafti isuguliwe kwa msasa laini, wenye maji, kwa kuzungusha shafti yenyewe na kuacha msasa umetulia, ili mikwaruzo, kama lazima iwepo, ifuate mzunguko. Kutu isiyo chini ya sili iacheni. Haina kosa lolote zaidi ya sura.

Baada ya hapo nilifanya kazi na Mzee Bukuru kwa miaka mingine mitano, na sitaihesabu mashine kwa mashine. Nitaandika siku moja tu, ya mwaka jana, kabla ya chai ya saa nne.

Aliniita kwenye meza yake. Akawaita na wengine. Mbele yake kulikuwa na mguu alioufunga jana yake na ambao asubuhi ile, bila kuambiwa na mtu, aliufungua tena. Haukuwa umepimwa bado.

"Tazameni," alisema.

Sili zote mbili zilikuwa zinatazama ndani. Ya nje ilikuwa imegeuzwa, mdomo wake kinyume. Mguu ule ungefika ziwani, ungekunywa maji siku ya kwanza.

"Nani kaweka?" mmoja wenu aliuliza. Sitamtaja, anajijua.

"Mimi. Jana mkono haukuniambia kitu. Niliifunga kama mtu anayefunga debe."

Nilichukua tochi. Niliangalia pakiti ya sili, labda imechapwa vibaya. Niliangalia chaki, labda kuna mwingine aliyegusa. Nilipima tundu, nilipima shafti, nikageuza sili kwenye mwanga, nikaigeuza tena. Nilitafuta kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutafuta kitu chochote, na Mzee aliniacha nitafute, amekaa kwenye stuli, viganja vimelala wazi juu ya magoti.

"Mzee," nilisema mwishowe, "ni yako."

"Una uhakika?"

"Nimepima. Safari hii nimepima kweli."

Alikubali kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea kipimo alichokitarajia. "Vizuri. Nilitaka niiseme mwenyewe."

Akaenda bombani. Alinawa kwa sabuni ya unga na mchanga, kuanzia kucha mpaka viwiko, bila haraka, kidole kimoja kimoja, kama mtu ambaye hatashika oili tena. Sisi tulisimama tu. Alipomaliza akajifuta kwa kitambaa, akatuona bado tumesimama.

"Kwani nyie," alisema, "hamna kazi?"